Karatasi za Siri na Neno "Hatukujua": Jinsi Majalada ya Wapelelezi juu ya Rwanda Yalivyofunguliwa kwa Nguvu ya Sheria

Tarehe 25 Machi, mwaka 1998, ndege ya Rais Bill Clinton wa Marekani ilitua katika uwanja wa Kanombe, mjini Kigali. Mgeni huyo alikaa saa chache tu, wala hakutoka nje ya uwanja. Aliketi na baadhi ya walionusurika katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994, akawasikiliza, kisha akasimama akahutubu. Alikiri kwamba mataifa ya dunia hayakufanya haraka baada ya mauaji kuanza, na kwamba hayakuyaita mambo yale kwa jina lake. Tena akaongeza neno moja: ya kuwa duniani kote walikuwako watu kama yeye, waliokaa maofisini siku baada ya siku, wasitambue kwa ukamilifu kina wala kasi ya maafa yale.

Wenyeji walilipokea neno hilo kwa adabu, kwa kuwa mgeni aliyekuja na majuto hafukuzwi mlangoni. Hata hivyo swali lilibaki. Ikiwa wakubwa wa Washington hawakujua, basi kosa lao ni kosa la mtu aliyelala. Ikiwa walijua, kosa ni jingine kabisa. Na kati ya makosa hayo mawili pana umbali mkubwa mbele ya watu waliozika jamaa zao, na zaidi mbele ya wale ambao hawakupata hata mifupa ya kuzika.

Katika mitaa ya Biryogo na Nyamirambo, ambako Kiswahili kimesemwa tangu siku za askari na wafanyi biashara waliofuatana na Wajerumani, hapakuwa na haja ya mpelelezi kuja kueleza yaliyokuwa yakitendeka. Watu waliona vizuizi njiani, walisikia redio ikitaja majina, na Waislamu wengi waliwaficha majirani zao kwa khatari ya roho zao wenyewe. (Wapo pia waliokuwa na majina ya Kiislamu na mikono yao ikashika panga, historia ya kweli haiwafichi.) Lakini shahidi wa Biryogo hushuhudia ya Biryogo. Hawezi kuapa juu ya karatasi iliyowekwa mezani kwa waziri wa Marekani asubuhi ya siku fulani. Jambo hilo halithibitishwi ila kwa karatasi yenyewe, na karatasi za wapelelezi hupigwa muhuri wa siri na kufungiwa kabatini kwa miaka mingi, pengine daima. Wafanyi biashara wa zamani walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila khabari. Daftari la mambo haya lilikuwako, ila lilikuwa mikononi mwa wadaiwa.

Ufunguo uliofungua sehemu ya kabati hilo ulitengenezwa zamani, kwa sababu zisizohusu Rwanda hata kidogo. Mjumbe mmoja wa Bunge la Marekani, Bwana John Moss wa California, alianza mwaka 1955 kulalamika kwamba idara za serikali yake huwanyima wananchi khabari za mambo yanayofanywa kwa fedha zao. Alishindana kwa miaka kumi na mmoja. Hatimaye Rais Lyndon Johnson alitia sahihi Sheria ya Uhuru wa Kupata Khabari tarehe 4 Julai 1966, kwa shingo upande, bila ya sherehe, na sheria ikaanza kutumika mwaka mmoja baadaye. Mwaka 1974 Bunge liliitia nguvu zaidi, ingawa Rais Gerald Ford aliikataa kwa kura yake ya turufu. Tangu hapo hakimu aliweza kuitaka serikali imletee karatasi yenyewe faraghani, aisome, na kuamua kama kweli yastahili kufichwa.

Namna ya kuomba ni nyepesi kuieleza, na nzito kuitenda. Mwombaji huandika barua kwa idara anayodhani inayo hati, akiieleza hati hiyo kwa kadiri ya kumwezesha karani kuitafuta. Halazimiki kusema anaitaka kwa nini. Halazimiki hata kuwa raia wa Marekani. Sheria husema mtu yeyote. Idara hupewa siku 20 za kazi kujibu, lakini katika mambo ya ujasusi siku hizo hugeuka miezi, na miezi ikawa miaka. Akinyimwa, hukata rufaa ndani ya idara ile ile. Akinyimwa tena, huenda mahakamani.

Sheria hiyo imeacha milango tisa ya kukatalia, na mlango wa kwanza ndio huu wa usalama wa taifa. Idara kuu ya ujasusi, CIA, ilijengewa ukuta wa ziada mwaka 1984, pale majalada yake ya kazi za siri yalipoondolewa katika wajibu wa kutafutwa. Tena kuna jibu lililo maarufu kwa waombaji kuliko yote: idara haithibitishi wala haikanushi kwamba hati iliyoombwa ipo. Jibu hilo lilizaliwa katika kesi ya meli iitwayo Glomar Explorer, iliyotumwa na CIA kuinua manowari ya Kirusi kutoka chini ya bahari, na mahakama ya Washington ililishughulikia mwaka 1976. Mtu aliyezoea kuulizia mizigo forodhani atalielewa jibu la namna hii bila ya kufasiriwa.

Kuna ajabu moja ambayo msomaji wa Kigali apaswa kuijua. Mwishoni mwa mwaka 2002 sheria ilibadilishwa, idara za ujasusi za Marekani zikakatazwa kutoa hati kwa maombi ya serikali ya kigeni au mjumbe wake. Kwa hiyo mwenye duka wa Biryogo, kwa jina lake na kwa ajili yake mwenyewe, aweza kuiandikia CIA kuiomba hati juu ya Rwanda, na barua yake ikapewa nambari na kujibiwa. Lakini serikali ya Rwanda haiwezi kujibiwa kwa njia hiyo. Ni nadra kwa sheria ya dola kubwa kumpa mtu mdogo haki ambayo imewanyima mawaziri.

Basi kazi hii ya kuomba ilifanywa na watu wasio na cheo. Mjini Washington kuna taasisi iliyoanzishwa mwaka 1985 na waandishi wa magazeti na wanazuoni, iitwayo National Security Archive, yenye makao katika Chuo Kikuu cha George Washington. Jina lake lafanana na la idara ya serikali, lakini si ya serikali. Kazi yake ni kuomba hati za siri, kukata rufaa, na kuzichapisha. Mmoja wa watafiti wake, Bwana William Ferroggiaro, alishika shauri la Rwanda. Mwezi wa Agosti 2001 taasisi ilitoa fungu la hati alizozipata yeye kwa sheria ile, na watu wakaanza kusoma.

Hati ya kwanza kwa tarehe ni ya jioni ile ile ya 6 Aprili 1994, ndege ya Rais Habyarimana ilipotunguliwa. Bibi Prudence Bushnell, afisa wa mambo ya Afrika katika Wizara ya Mambo ya Nje, alimwandikia waziri wake akimwonya kwamba kuuawa kwa Rais huenda kukaleta machafuko makubwa. Halikuwa neno la mtu aliyelala.

Hati nyingine ni ya tarehe 1 Mei, nayo ni ya kuazimia majadiliano, iliyotoka Wizara ya Ulinzi. Humo lilipendekezwa jambo la kufanya uchunguzi wa kimataifa juu ya yaliyokuwa yakitendeka, na mwandishi akaweka tahadhari pembeni yake: jihadharini, wanasheria wa Mambo ya Nje wana wasiwasi, kwa kuwa wakithibitisha kwamba haya ni mauaji ya kimbari, serikali huenda ikafungika kutenda jambo. Maana yake ni kwamba Mapatano ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 1948, yaliyoandikwa ili kuyazuia mauaji ya namna hii, yalikuwa yakisomwa katika ofisi ile. Ila yalisomwa kama mtu asomavyo mkataba wa nyumba akitafuta kifungu cha kumtoa katika kulipa. Wakati huo mauaji yalikuwa na wiki tatu na zaidi.

Lakini hati ambayo watu wa Kigali watakaa nayo muda mrefu ni ya tarehe 5 Mei. Yahusu redio. RTLM ilikuwa imeanza kutangaza mwezi wa Julai 1993, na katika siku mia za mauaji ilitaja watu kwa majina, mahali walipojificha, na magari waliyopanda. Mahakama ya kimataifa ya Arusha iliwatia hatiani wakuu wake wawili tarehe 3 Desemba 2003. Kila aliyekuwa Kigali alijua kwamba sauti ile ilikuwa silaha. Katika Washington liliulizwa swali: je, haiwezekani kuinyamazisha kwa mitambo? Bwana Frank Wisner, mkubwa katika Wizara ya Ulinzi, aliandika jibu kwa naibu wa mshauri wa Rais wa mambo ya usalama. Akasema kwamba njia hiyo haitafaa sana na ni ya gharama. Kwamba ndege yenye mitambo ya kuizima redio hugharimu dola 8,500 hivi kwa kila saa ya kuruka, nayo huhitaji anga lenye usalama kwa kiasi. Na kwamba ni bora kusaidia kazi ya kuwapelekea chakula wakimbizi.

Dola 8,500 kwa saa. Haifai kumdhania mwandishi wa hati hiyo kuwa alifurahia mauaji. Yaonekana alikuwa karani mkubwa anayepima gharama kama alivyofundishwa. Ila hesabu hiyo yaonyesha wazi kwamba redio ile ilikuwa imesikika hadi Washington, kazi yake imefahamika, dawa imetajwa, na bei ya dawa imeandikwa. Kisha dawa ikaachwa dukani.

Hati za wapelelezi wenyewe zilizidi kutoka baadaye. Ripoti ya ujasusi wa jeshi la Marekani, ya tarehe 9 Mei 1994, ilieleza kwamba kando ya mauaji ya ovyo ya Watutsi kulikuwa na juhudi nyingine iliyopangwa, juhudi ya mauaji ya kimbari, iliyotekelezwa na jeshi ili kuwaangamiza viongozi wa Watutsi. Mwezi wa Machi 2004, miaka kumi ikikaribia kutimia, Bwana Ferroggiaro alitoa fungu la pili, na humo zilikuwamo kurasa za gazeti la siri ambalo CIA wakati huo ilimwandalia Rais na wakubwa wengine kila siku. Toleo la tarehe 23 Aprili lilitaja mazungumzo ya kujaribu kuyasimamisha mauaji ya kimbari, likasema kwamba yalikuwa yakienea kusini. Siku tatu baadaye, muhtasari wa asubuhi ulioandaliwa kwa ajili ya Waziri wa Mambo ya Nje ulitumia neno lile lile la mauaji ya kimbari. Hadharani, ruhusa ya kulitumia neno hilo ilitolewa na Waziri Warren Christopher tarehe 21 Mei, tena kwa mipaka: maafisa waseme kuwa vitendo vya mauaji ya kimbari vimetokea. Kwa hiyo neno lilikaa ndani ya karatasi za siri kwa muda wa mwezi mzima kabla ya kupewa ruhusa ya kutoka mlangoni. Katika mwezi huo maelfu kwa maelfu waliuawa.

Insafu yataka lisemwe jingine. Ukurasa wa gazeti la siri huthibitisha kwamba khabari iliandikwa na kupelekwa. Hauthibitishi kwamba Rais aliusoma, wala kwamba aliusadiki. Tena kurasa hizo zilitolewa zikiwa na mapande makubwa yaliyofutwa, na yaliyomo chini ya alama zile hayajulikani. Anayezitumia kudai kwamba Wamarekani walijua kila kitu anadai zaidi ya zinavyosema. Lakini anayedai kwamba hawakujua, huyo amekwisha pingwa na karatasi zake mwenyewe, zenye tarehe na anwani.

Katika Ulaya mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Wabelgiji walifanya uchunguzi katika Seneti yao mwaka 1997, na hati za upelelezi wa jeshi lao zikasomwa humo. Ama sheria yao ya kuwapa watu haki ya kuona karatasi za serikali, tarehe yake ni jambo la kumsimamisha msomaji: ni ya 11 Aprili 1994. Siku hiyo hiyo askari wa Kibelgiji waliondoka katika shule ya ETO, Kicukiro, wakawaacha nyuma watu wapatao 2,000 waliokuwa wamewakimbilia, na wengi wa watu hao wakauawa kwenye kilima cha Nyanza.

Ufaransa ilishika ufunguo wake kwa nguvu zaidi kuliko wote, na sababu yajulikana: serikali yake ndiyo iliyokuwa rafiki wa serikali ya Habyarimana hadi mwisho. Karatasi za Rais François Mitterrand ziliwekwa katika hifadhi ya taifa, lakini chini ya amri ya mtu mmoja aliyeachiwa haki ya kuruhusu au kukataa. Mwaka 2015 serikali ilitangaza kuziondolea siri karatasi za ikulu kuhusu Rwanda. Bwana François Graner, ambaye kazi yake ni elimu ya fizikia, akaomba kuzisoma, akanyimwa sehemu kubwa. Alikwenda hadi Baraza la Katiba, ambako alishindwa mwezi wa Septemba 2017. Mtu mwingine angerudi nyumbani. Yeye aliendelea hadi Baraza la Dola, nalo tarehe 12 Juni 2020 likahukumu kwamba apewe karatasi alizoziomba, kwa kuwa haja ya umma ya kujua historia ilizidi haja ya kuificha. Miaka mitano kwa barua moja!

Baada ya hapo mambo yalifuatana. Tume ya wanahistoria iliyowekwa na Rais Emmanuel Macron chini ya Profesa Vincent Duclert ilitoa ripoti yake tarehe 26 Machi 2021, karibu kurasa 1,000, ikasema kwamba Ufaransa inabeba dhima nzito na ya kuelemea, ingawa haikuona ushahidi wa kushirikiana katika mauaji. Tarehe 7 Aprili mwaka huo karatasi za Mitterrand na za waziri wake mkuu Balladur zikafunguliwa kwa watu wote. Mwezi wa Mei Bwana Macron alikuja Gisozi. Nayo ripoti iliyoagizwa na serikali ya Rwanda kwa mawakili wa Washington, iliyotoka Aprili 2021, iliandika kwamba Ufaransa iliombwa hati zaidi ya mara moja bila ya kuzitoa.

Rwanda yenyewe sasa ina sheria ya namna hii, Sheria nambari 04/2013 ya tarehe 8 Februari 2013. Uganda iliitangulia mwaka 2005. Kenya na Tanzania zilifuata mwaka 2016. Sheria ya Rwanda humpa kila mtu haki ya kuomba khabari kwa ofisi ya umma, na hata kwa shirika la watu binafsi ikiwa kazi zake zinagusa maslahi ya umma, na Ofisi ya Mkuu wa Kusikiliza Malalamiko ya wananchi, iitwayo Umuvunyi, ndiyo huangalia utekelezaji wake. Milango ya kukatalia imo humo pia, na wa kwanza ni ule ule wa usalama wa taifa. Kwa hiyo mwenye kutaka majalada ya wapelelezi, ya serikali iliyopita au ya sasa, atakutana na neno hilo hilo walilokutana nalo Bwana Ferroggiaro na Bwana Graner, na itampasa awe na subira kama yao.

Hata hivyo si kila swali hujibiwa na karatasi za ujasusi. Hati za Washington na za Paris zataja majeshi, mawaziri, na gharama za ndege. Hazitaji ni nani aliyeuawa kwenye kizuizi kipi cha Nyamirambo, wala ni nani aliyemfungulia jirani mlango usiku. Mambo hayo yamo katika maandishi ya mahakama za gacaca, zilizosikiliza kesi karibu 2,000,000 hadi zilipofungwa tarehe 18 Juni 2012. Maandishi hayo yalitoka vinywani mwa wenyeji, kilima kwa kilima, na jamaa wengi hutafuta humo kwanza kabla ya kutafuta kwa wageni.

Kifungu kimoja cha sheria ya mwaka 2013 chafaa kujulikana na wazee wa Biryogo khasa. Ombi laweza kutolewa na mtu mmoja au na kundi, kwa mdomo, kwa maandishi, kwa simu au kwa njia nyingine, katika lugha yoyote iliyo rasmi nchini. Sheria ilipotungwa, lugha hizo zilikuwa Kinyarwanda, Kifaransa na Kiingereza. Tangu mwaka 2017 Kiswahili nacho ni lugha rasmi ya Rwanda.